Meza ya Mabatini Iliyoinamia Ziwani

“Toka chini ya meza yangu, Rutashobya! Toka, nimesema!”

“Nikitoka kabla sijamaliza, mama, sitarudi tena humu.”

“Nani kakuomba urudi?”

Ni saa tatu na nusu asubuhi, siku ya Alhamisi, ndani ya grosari ya Odeta Masanja, mtaa wa Mabatini, Mwanza. Sakafu inanuka mafuta ya taa. Chini ya meza ya pool inaonekana miguu ya mtu mzima, soksi moja imetoboka kisigino. Juu ya kona ya meza hiyohiyo amekaa Odeta mwenyewe, mwanamke mzito wa miaka hamsini, amekunja mikono. Amekaa hapo makusudi ili meza isiinuke.

Miguu ni ya Muganyizi Rutashobya, 46, mtunza meza wa grosari hiyo na mwalimu wa watu wanaoanza kujifunza pool. Jana jioni alimwaga mafuta ya taa kwenye skrubu za miguu ya meza, ili kutu ilegee. Leo amekuja na spana. Anataka kuinyoosha.

Wanafunzi wake watano wamesimama ukutani na fimbo zao. Mtu angetegemea wawe upande wa mwalimu. Hawako.

“Mwalimu, achana nayo,” anasema Antoni, kinyozi wa jirani, mwenye miezi mitano ya mafunzo. “Sisi tumeshaizoea.”

“Hilo ndilo tatizo,” sauti inajibu kutoka chini.

Meza imeinama. Mvua kubwa za mwisho wa mwaka 1997 na mwanzo wa 1998 zilitiririsha maji kutoka mlimani hadi ndani ya nyumba nyingi za Mabatini, na sakafu ya Odeta ikatitia upande mmoja, upande wa ziwani. Meza ikafuata sakafu. Kwa jicho huwezi kuona. Lakini weka mpira katikati, uguse kwa kidole, uache. Utatambaa polepole mpaka ukingo wa upande wa ziwa, kama ng’ombe anayejua njia ya kwenda kunywa maji.

Mtu mwingine angenyoosha meza. Rutashobya alitunga kanuni.

“Ukipiga kuelekea mlimani, ongeza nguvu. Ukipiga kuelekea ziwani, punguza. Ukipiga kwa urefu wa meza, lenga vidole viwili upande wa mlima.” Wanafunzi wake wanaikariri bila kusita. Kwa mwaka mmoja na zaidi, kila aliyeshika fimbo kwa mara ya kwanza katika grosari hiyo alifundishwa kwamba hivyo ndivyo pool inavyochezwa.

Na kanuni ilifanya kazi. Wageni kutoka Igoma, Nyegezi na mjini walikuja na ujuzi wao, wakalenga sawasawa, wakakosa. Vijana wa Mabatini walilenga vibaya na kupata. Sifa ikaenea kwamba Mabatini hawafungiki nyumbani kwao. Watu wakajaa.

“Sasa niambie,” Odeta anasema akiwa juu ya meza, na hapa anazungumza na mwandishi wa gazeti hili, siyo na mtu wa chini. “Mimi ni mjane. Soda zangu na bia zangu zinatoka kwa sababu watu wanakuja kuona mgeni anafungwa. Jumamosi wanakuja Igoma, saa kumi jioni. Wameshatufunga kwao mara mbili. Huyu anataka niwanyooshee meza ili watufunge na hapa? Wewe mwenzangu ungefanya hivyo?”

Swali si la kipuuzi. Lakini Jumamosi hiyohiyo, saa nne asubuhi, kuna jambo lingine.

Hoteli moja ya mjini imefungua chumba chenye meza nne. Inatafuta mtu wa kuzitunza na kuwafundisha wageni hatua za mwanzo. Mshahara ni shilingi 45,000 kwa mwezi, pamoja na chakula cha mchana. Hawataki cheti wala barua ya mjumbe. Yeyote atakayefika saa nne atapewa fimbo na kuchezeshwa michezo mitatu mbele ya meneja. Wilhelmina Kulwa, 23, muuza mitumba wa Mabatini na mwanafunzi bora wa Rutashobya, amejiandaa kwa miezi mitano. Mwalimu wake anajua kwamba atakosa kila mpira.

Anajua kwa sababu imeshatokea.

Rutashobya hakuzaliwa katika pool. Kwao ni Muleba, mkoani Kagera. Alifika Mwanza mwaka 1975 akaajiriwa katika kiwanda cha nguo, akawa fundi wa kufunga mashine za kufumia. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kila mashine imesimama sawa kabla haijawashwa.

“Nilikuwa na pima maji yangu mwenyewe,” anasema. “Mashine ikiinama hata unene wa karatasi, nguo inatoka na mawimbi. Msimamizi hakuwa na haja ya kuangalia nyuma yangu. Sasa mtu kama huyo anakuja kufundisha kwenye meza iliyoinama, tena anajua. Wewe unaliitaje hilo?”

Mwaka 1994 walipunguzwa watu mia tatu kwa siku moja. Alipewa shilingi 180,000. Alinunua baiskeli na kujaribu biashara ya dagaa, lakini mvua ilimkuta njiani na magunia mawili, dagaa wakaoza. Alijaribu kahawa, ikashindikana. Wakati huo meza za pool zilikuwa zinaingia mjini kwa wingi, kila grosari inataka yake, na hakuna aliyejua kuzitunza. Odeta alinunua moja mwaka 1996. Rutashobya aliombwa kurekebisha sehemu ya kuingizia sarafu, akabaki.

Mapato ya meza hugawanywa, na sehemu yake haizidi shilingi 28,000 kwa mwezi. Mkewe Adventina ni mwalimu wa shule ya msingi. Wana watoto wanne.

Kufundisha alianza kwa hasira tu. Hakupenda kuona watu wakipasua kitambaa cha meza.

“Mtu anashika fimbo kama jembe,” anasema. “Anapiga kama anaua nyoka. Halafu kabla mpira haujafika ameshainua kichwa kuchungulia, kama mwenye nyumba anayemfuata mgeni barabarani.”

Aliyemwona akifundisha hawezi kusema hajui kazi. Siku ya kwanza mwanafunzi hapewi hata mpira. Anafundishwa kusimama: mguu mmoja mbele, magoti yasikaze, kidevu kishuke karibu kabisa na fimbo. Siku ya pili hulazwa chupa tupu ya soda mezani, na mwanafunzi apitishe ncha ya fimbo mdomoni mwa chupa na kuirudisha, mara hamsini, bila kugusa kioo. Wiki nzima inayofuata ni mpira mweupe peke yake, kwenda na kurudi. Ndipo mipira ya rangi inaingia. Na ndipo kanuni ya vidole viwili ilipokuwa inaingia pia.

Mwanafunzi wake wa kwanza kuhitimu aliitwa Chenge. Alikuwa mpakuaji wa samaki katika kiwanda cha minofu, kazi ikapungua, akabaki bila kitu. Alijifunza kwa miezi sita, kila asubuhi.

“Sijaona mkono kama ule,” anasema Rutashobya. “Mkono uliotulia. Alikuwa anapiga kama mtu anayeweka yai kwenye kiota.”

Agosti mwaka jana hoteli hiyohiyo ilitafuta mtu kwa meza yake ya kwanza. Chenge alikwenda, ameazima shati. Alicheza michezo mitatu na akaingiza mpira mmoja tu, nao kwa bahati. Meneja alimuuliza, kwa upole, kama kweli aliwahi kufundishwa.

Alirudi Mabatini, akaweka fimbo ukutani, akaaga.

“Nilimwambia umeogopa,” Rutashobya anasema. “Hivyo ndivyo nilivyomwambia. Nikamwambia mjini kuna macho mengi, umetetemeka. Na mimi mwenyewe nikaamini, kwa sababu kuamini hivyo kulikuwa rahisi.”

Ukweli ulimfikia Jumatatu ya Pasaka. Alikwenda Magu na wanafunzi watatu kucheza mchezo wa kirafiki. Meza ya Magu imekaa juu ya zege jipya, imenyooka. Wanafunzi walikosa mpira wa kwanza, wa pili, wa tatu, wote kwa upana uleule. Antoni akasimama, akageuka huku na huku, kisha akamuuliza mwenye baa kwa sauti kubwa:

“Samahani kaka, ziwa liko upande gani hapa?”

Watu wa Magu walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Bado wanacheka. Inasemekana sasa mtu akikosa huko wanamwambia, ziwa limehama.

“Mimi sikucheka,” anasema Rutashobya. “Nilihesabu ule upana. Vidole viwili. Nikamwona Chenge amesimama mjini na shati la kuazima, anapiga vizuri kabisa kama nilivyomfundisha, na anakosa vidole vilevile viwili.”

Alipofika nyumbani alimweleza mkewe. Adventina hakumpoza.

“Nilimuuliza swali moja tu,” anasema mama huyo. “Mwalimu akiandika hesabu vibaya ubaoni, mtoto akakosa mtihani, unamchapa mtoto? Nikamwambia nenda kwa huyo kijana. Usinieleze mimi, mimi sikukosa kazi.”

Jumapili iliyofuata alikwenda Kigongo, kwenye kivuko cha kwenda Busisi, ambako Chenge sasa anapakia mizigo ya abiria. Ana miaka 27. Ni mrefu, mkimya, na anasimulia siku ile akiwa na gunia la mpunga begani, kwa kuwa kivuko hakimsubiri mtu.

“Alinikuta kazini. Nikamwamkia, shikamoo mwalimu. Hakuitikia. Akasema, Chenge, meza ilikuwa imeinama. Nikadhani amelewa.”

Anatua gunia.

“Nikamuuliza, kwa hiyo sikuwa mbovu? Akasema hukuwa mbovu. Nikamwambia mwalimu, miezi minane najiona mbovu. Kuna siku nilikataa kucheza bao hapa na wenzangu, nikasema mimi mkono wangu hauna akili. Ningejua ni meza ningekuchukia wewe. Ingekuwa nafuu.”

Walipeana mkono? “Hapana,” anasema Chenge. “Kivuko kilikuwa kimefika.”

Ndiyo maana leo Rutashobya yuko chini ya meza.

“Lakini si ulikuwa unajua?” Wilhelmina anauliza ghafla. Ni mara yake ya kwanza kufungua mdomo asubuhi hii. Hakuwa Magu siku ile, alikuwa sokoni na nguo zake, na habari za Chenge anazisikia sasa hivi, mwalimu anapomsimulia mwandishi. “Mwalimu. Ulijua imeinama kabla sijaanza?”

Miguu chini ya meza inatulia.

“Nilijua mwezi wa pili mwaka jana, mara tu mvua zilipokatika. Nilimwambia mama. Akasema acha, inatuletea watu. Nikaacha.”

“Usinitumbukize mimi!” Odeta anafoka. “Mimi nauza bia. Nilikwambia acha meza, sikukwambia uwafundishe watu kulenga kombo!”

Hapo Rutashobya anatoka. Ana vumbi usoni na nywele zimeshika utando wa buibui.

“Hapo umesema kweli, mama.”

“Nimesema kweli, ndiyo.”

“Ungekuwa umekosea ningepumua kidogo.”

Wilhelmina ameegemeza fimbo ukutani. Miezi mitano, asubuhi kwa asubuhi, alikuwa akimwachia dada yake kibanda cha mitumba ili aje hapa. Wateja wa asubuhi ndio wanaochagua nguo nzuri, kila muuza mitumba anajua. Hasemi hilo. Anasema, “Kama inanyooshwa leo, mimi nitakuwa sijui chochote keshokutwa.”

“Ndiyo,” anakiri mwalimu.

“Na isiponyooshwa?”

“Utakuwa hujui chochote, ila hutajua kwamba hujui.”

Antoni anaguna. “Haya ndiyo mafunzo!”

“Wewe nyamaza, mtafuta ziwa,” Wilhelmina anamwambia bila kugeuka. Wenzake wanacheka, hata Odeta kidogo, na kicheko hicho kinapunguza moto.

Rutashobya anaingiza mkono mfukoni. Anatoa ufunguo wa kisanduku cha sarafu, ule ambao ndio kazi yake yote, na kuuweka kwenye paja la mwenye meza.

“Chukua, mama. Nikiwa mtu wako siwezi kuigusa bila ruhusa yako. Sasa mimi si mtu wako tena. Nakuomba kama fundi wa kupita njia. Niache niinyooshe bure. Jumamosi mchana, huyu binti akishamaliza mambo yake mjini, ukitaka kuiinamisha tena ni robo saa, Antoni nitamwonyesha skrubu.”

“Na Igoma?”

“Ukiiacha sawa, Igoma watawafunga.”

“Na wewe utakula nini?”

“Mwalimu Adventina atanitafutia.”

Odeta anauangalia ufunguo. Anaugeuza. Nje mtu anaita bei ya nyanya. Kisha mama huyo anateremka mezani, kwa tabu, akijishikilia ukingo.

Hasemi amekubali. Anasema ana maharage jikoni na yanaungua.

Harufu ya kuungua haisikiki. Rutashobya haulizi. Anafungua mfuko wa rambo na kutoa pima maji aliyoazima kwa mwashi wa mtaa wa pili, anaiweka juu ya kitambaa, kisha anarudi chini. Antoni na mwenzake wanainua kona. Skrubu ya kwanza inalia, inakataa, inakubali. “Kiputo kiko wapi?” anauliza kutoka chini. “Bado kiko mlimani,” anajibu Wilhelmina, ambaye hakuitwa lakini ameshainama juu ya kioo. “Sasa?” “Kinakuja. Kinakuja. Simama.” Wanageuza upande wa pili. Kazi nzima haifiki dakika arobaini. Meza hii ingeweza kunyooshwa Februari mwaka jana kwa muda huohuo.

Anasimama, anajipangusa, anaweka mpira mweupe katikati na kuugusa kwa kidole. Unajiviringisha kiasi cha shibiri, unasimama, unabaki hapo. Watu sita wanautazama mpira usiokwenda popote.

Anatumbukiza sarafu zake mwenyewe. Anapanga mpira mwekundu kwenye mstari wa shimo la kona, kipigo cha mtoto, anainama, kidevu kinashuka, mkono unakwenda vizuri kabisa.

Anakosa. Vidole viwili.

Anarudia. Anakosa tena.

“Hata wewe, mwalimu,” anasema Antoni, na safari hii hana utani.

“Hata mimi.”

Wilhelmina anachukua fimbo yake. Anapiga mara tatu, zote anakosa, lakini ya tatu imekosea kwa kidole kimoja. Anataka kupiga ya nne, anasita.

“Mwalimu, toka nje.”

“Nini?”

“Ukinitazama mkono unakwenda mlimani. Naomba utoke.” Kisha anaongeza, kwa heshima, “Samahani.”

Rutashobya anatoka. Anakaa kwenye benchi la mbao nje ya mlango, na spana bado mkononi. Anaulizwa ana mpango gani sasa. Anasema kuna grosari Igoma ina meza mbili na haina mtunzaji, huenda akajaribu huko, na popote atakapokuwa, mwanafunzi atakagua meza kwa pima maji kwanza, kabla ya kufundishwa hata kusimama. Anasema angependa siku moja awe na chumba chake, hata cha meza moja. Anasema pia kwamba hana hakika kama ana haki ya kuitwa mwalimu.

Ndani mpira unagonga ukingo. Kimya. Mwingine unagonga ukingo. Kimya tena. Wa tatu unaingia shimoni, na sauti yake inasikika mpaka barabarani.

“Mmoja,” anasema Rutashobya. Anasikiliza. Unaingia mwingine. “Ana leo na kesho. Anaweza.” “Yule wa Kigongo mkono wake ulikuwa bora kuliko huu.”

Majaribio ya Jumamosi ni ya yeyote. Hilo anakumbushwa na mwandishi. Anajibu kwamba analijua, tena alilijua Jumapili alipokuwa Kigongo, na hakulisema, kwa sababu aliona haya kumwomba kijana ashike fimbo tena kwa neno lake.

“Atanikatalia,” anasema.

“Huenda.”

“Atanikatalia mbele ya watu wa kivuko.”

Anatazama jua. Ni saa tano kasoro. Anachungulia dirishani na kumwambia Antoni, siyo Wilhelmina, kwamba mtu yeyote asiiegemee meza na kona ya jikoni isiwekewe kreti la soda. Anaacha spana juu ya benchi. Kisha anavuka barabara kwa haraka ya mtu aliyechelewa, anauliza gari la Kigongo linalotoka kwanza ni lipi, na kupanda.